Banda na uwanja wa kuku kando ya bustani ya mboga: nipange vipi?

Mwanabustani_Chanika

Wadau habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaojua kazi hii.

Nyuma ya nyumba nina eneo la mita 6 kwa 10. Upande mrefu wa kusini kuna ukuta wa tofali wa futi 7. Udongo ni kichanga, na eneo linateremka kidogo kutoka ukutani kuja jikoni. Bustani tayari ipo: mchicha, chainizi, matembele, bamia na matuta mawili ya nyanya. Nataka kuongeza matetea 12 chotara na jogoo mmoja. Sasa hivi wana wiki 10.

Maswali yangu:
1. Banda na uwanja viwe na ukubwa gani, na vikae wapi?
2. Waya gani wa kununua? Dukani naona aina mbili tatu na bei zinapishana sana.
3. Naweza kuwaachia kuku waingie bustanini wale wadudu?
4. Kinyesi nikitie moja kwa moja kwenye matuta?
5. Masika ikija hapa huwa tope tupu. Nifanyeje?

Fundi wa mtaani kaniambia nipake mirunda oili chafu kuzuia mchwa. Hilo nalo naomba mlizungumzie.

---

Fundi_Mabanda

Mkuu, eneo linatosha, ila usiligawe katikati. Tumia ukuta. Banda la mita 2 kwa 2 likae kona moja ya ukuta, na uwanja ufuate ukuta huo huo kwa mita 8 zilizobaki, upana mita 2. Bustani inabaki na ukanda wa mita 4 kwa 10. Kwa mpangilio huo fensi unayojenga ni mita 10 tu: 8 za mbele na 2 za ubavu wa mwisho. Kwingine kote ni ukuta na banda.

Hesabu ya nafasi: ndani ya banda kuku wa kienyeji au chotara wanne kwa mita moja ya mraba ndiyo kiwango cha kawaida, kwa hiyo mita 4 za mraba kwa kuku 13 wana nafasi nzuri. Uwanja wa mita 16 unampa kila mmoja zaidi kidogo ya mita moja. Hapo ndipo pa kuishia. Ukiongeza kuku bila kuongeza uwanja, utaanza kuona wakidonoana manyoya ya mkiani, na mtu ataanza kutafuta dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Banda: mgongo uelekee ukuta. Mvua nyingi ya masika huku pwani huja na upepo wa kusi, na ukuta wako uko kusini, kwa hiyo utaikinga. Jenga tofali kozi tatu kuzunguka, juu yake weka waya mpaka kwenye paa, pande mbili angalau, hewa ipite. Kosa la mabanda mengi ni kuzibwa kwa mbao au bati pande zote kwa hofu ya wezi. Kuku hawatoki jasho. Joto hulitoa kwa kuhema. Harufu kali ya kinyesi isiyopata pa kutokea huwaharibu macho na mapafu kabla hujaisikia wewe uliyesimama mlangoni, kwa sababu wao wako chini karibu nayo. Chuchumaa usawa wa kuku, vuta pumzi. Macho yakiwasha, hewa haitoshi.

Sakafu piga zege la sentimita 7. Kwenye kichanga panya huchimba kutoka nje usiku mmoja wakatokea chini ya chombo cha chakula. Juu ya zege mwaga maranda makavu sentimita 10 hadi 15. Usichukue maranda ya mbao zilizotiwa dawa.

Paa lishuke kuelekea ubavu wa nje, mbali na uwanja, lichomoze sentimita 50 kila upande palipo wazi. Weka mfereji wa bati na pipa la lita 200. Paa la mita 8 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linakupa karibu lita 150, na hayo ndiyo maji ya kumwagilia bila bili.

Ndani: fito za kulalia zenye unene wa sentimita 5, kona zimelainishwa, kila kuku sentimita 20. Kwa 13 ni kama mita 2.6, yaani fito mbili. Ziwe zote kimo kimoja, sentimita 60 kutoka chini. Ukizipanga kama ngazi wote watagombania ya juu. Viota vitatu vya sentimita 30 kwa 30 kwa 35 vinatosha, na lazima viwe chini kuliko fito. Kiota kikiwa juu kuku hukigeuza kitanda, na mayai yanatoka yamepakaa kinyesi.

Waya. Ule wa matundu ya pembe sita ni wa kuzuia kuku wasitoke. Haumzuii mbwa, na kicheche anapenya kwenye matundu makubwa au anaukatakata ukishashika kutu. Waya wenye matundu ya mraba ya nusu inchi, uliochomelewa, ndio unaozuia adui. Ni ghali, kwa hiyo uweke panapohitajika: madirisha yote ya banda, na sentimita 60 za chini za fensi. Juu ya hapo mpaka futi 6 weka wa pembe sita. Ukiona mtu anakuuzia mzigo wote wa aina moja, anajirahisishia yeye.

Chini ya fensi usihangaike kuchimba mtaro wa kuzika waya. Laza ukanda wa waya wa upana wa sentimita 45 juu ya ardhi, upande wa nje, ufunge na waya wa fensi kwa waya wa kufungia kila sentimita 20, kisha ufunike kwa udongo kidogo au mawe. Mbwa na nguchiro huanza kuchimba pale pale fensi inapogusa ardhi. Akikuta waya hapo harudi nyuma nusu mita kutafuta mwanzo wake.

Nguzo: kila mita 2, kwa hiyo tano upande wa mbele na moja ukutani, jumla sita. Mashimo ya sentimita 60 kwa sababu ya kichanga, upana sentimita 30. Zege la 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) kwa mashimo yote sita linakula mfuko mmoja wa saruji. Lichomoze juu ya ardhi sentimita 5 na ulipe mteremko ili maji yasisimame shingoni mwa mrunda. Hapo ndipo mrunda huoza.

Oili chafu karibu na mboga, hapana. Ina mabaki ya metali za injini na haikai kwenye mti, inateremka na mvua. Kama mirunda haikutiwa dawa kiwandani, choma nje ya mguu wake mpaka uwe mweusi, kisha zege. Ukiwa na uwezo nunua mabomba ya chuma ya inchi moja na nusu, umalize maneno.

Mlango wa uwanja sentimita 80, ufunguke kwa ndani, ili kuku anayesukuma asiwe anaufungua. Tundu la kuku kati ya banda na uwanja sentimita 30 kwa 35, lenye komeo la nje.

---

Mama_Matuta

Fundi kamaliza upande wa mbao na waya. Mimi nizungumzie mboga, na hapo kuna jambo moja sikubaliani na wengi wanaoandika humu: kuku hawaingii kwenye bustani inayoota. Si nusu saa jioni, si "wakiwa wadogo tu". Tetea mmoja hufukua tuta la mchicha wa wiki mbili kwa dakika chache, na haanzi na wadudu, anaanza na majani mabichi. Akimaliza ndipo anakumbuka panzi.

Wadudu utawapata kwa njia nyingine. Acha njia ya kupita ya sentimita 60 kati ya fensi na tuta la kwanza, uilime iwe wazi. Konokono, panzi na viwavi wanaovuka kutoka ukutani wanakatiza uwanja wa kuku kwanza. Konokono wakubwa unaowaokota usiku kwenye chainizi waponde, uwatupie asubuhi. Magugu na majani ya mchicha yaliyozeeka yarushe juu ya fensi. Huo ndio ushirikiano wa bustani na kuku. Kila mmoja akae kwake.

Halafu ondoa wazo la nyasi. Kuku 13 kwenye mita 16 watakuwa wamemaliza kila jani ndani ya wiki chache, na masika ikikuta udongo mtupu ndiyo hilo tope unaloliogopa. Uwanja uutandaze majani makavu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, maranda, magamba ya nazi, chochote kikavu kinachotoka kwenye mti, unene wa sentimita 15. Ongeza kila kinapoisha. Kuku wanafukua siku nzima, wanachanganya kinyesi na takataka kavu, na maji ya mvua yanashuka chini badala ya kusimama juu. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, vuta tabaka la chini na uweke jipya.

Swali la 4 ndilo linalowaumiza wengi. Kinyesi kibichi cha kuku kina naitrojeni nyingi inayotoka upesi. Kwenye mche utaona kingo za majani zinakuwa kahawia, kisha mche unanyauka hata ukiwa na maji. Kwenye nyanya utapata majani ya kijani kibichi kabisa, mti mrefu, na matunda machache. Hilo ni la mmea. La mlaji ni bakteria wa Salmonella, ambao kuku anaweza kuwabeba bila kuonyesha ugonjwa wowote. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 zipite kati ya kutia samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lisilogusa. Mchicha wako unavunwa kwa wiki tatu mpaka nne. Hakuna namna mchicha ukaingia kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo kwenye mboga za majani ni mboji iliyoiva tu, wala usitafute njia ya mkato ya kukiloweka kinyesi kwenye ndoo ya maji na kumwagilia majani.

Mboji: ndoo moja ya kinyesi na maranda ya bandani kwa ndoo mbili mpaka tatu za majani makavu. Rundo lisiwe chini ya mita moja kila upande, vinginevyo halipati joto. Unyevu uwe kama kitambaa kilichokamuliwa. Siku ya tatu au ya nne ingiza chuma ndani, kikae dakika tano, ukitoe: kikikuunguza kiganja, rundo linafanya kazi. Geuza kila wiki kwa mwezi wa kwanza, vya nje viingie ndani, kisha liache. Miezi mitatu. Likiwa poa katikati na linanuka udongo, tayari. Likinuka kama mkojo, umezidisha kinyesi, ongeza makavu. Likinuka uozo, lina maji mengi, geuza.

Kiasi: ndoo ya lita 10 kwa mita 2 za mraba, uchanganye na udongo wiki moja kabla ya kupanda.

Ukitaka kuku wakulimie tuta, fanya hivyo baada ya kuvuna kabisa. Tengeneza fremu ya mbao za mbili kwa mbili, upana mita 1 urefu mita 2.5 kimo nusu mita, waya juu na pembeni, chini wazi. Waweke watatu wanne mchana kwa siku tatu. Watang'oa mizizi, watakula mayai ya wadudu. Tuta hilo ufuatishe mahindi, si mboga ya majani.

---

Afisa_Kuku

Nyongeza upande wa afya, kwa kifupi.

Bustani ina maana ya unyevu, na unyevu ndio mlango wa koksidiosis (kuhara damu). Vimelea vinavyotoka na kinyesi huhitaji joto na unyevu kwa siku moja au mbili tu ili viweze kuambukiza. Kuku wako wa wiki 10 bado wako kwenye umri wa hatari. Bomba la kumwagilia lisivuje kuelekea uwanjani, na chombo cha maji ya kuku kikae juu ya tofali, usawa wa mgongo wa kuku, ili wasimwage. Maranda yaliyolowa chini ya chombo hutolewa siku hiyo hiyo. Ukiona kuku amejikunyata, mbawa zimeshuka, kinyesi kina damu, muone mtaalamu wa mifugo. Usianze kubahatisha antibayotiki.

Kideri (ugonjwa wa Newcastle): chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila miezi mitatu, kuku wote siku moja. Andika tarehe ukutani. Ndui huenezwa na mbu, na mapipa yako ya maji ya mvua ni kiwanda cha mbu, kwa hiyo yafunike kwa chandarua na uwachanje ndui mapema.

Mboga ukizipiga dawa ya wadudu, kuku wasipewe majani wala viwavi wa tuta hilo mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Mabaki hutokea kwenye yai. Sumu ya panya usiweke kabisa. Kuku hudonoa panya aliyekufa. Dawa ya panya ni kuondoa chakula usiku. Kuku 13 wanakula karibu kilo moja na nusu kwa siku. Wape hiyo, jioni chombo kiinuliwe, gunia likae kwenye pipa lenye mfuniko.

Na msiwatupie kila kinachotoka bustanini: majani ya nyanya, viazi mviringo vilivyogeuka kijani, kisamvu kibichi, maganda na majani ya parachichi, maharage makavu yasiyopikwa. Mbarika ukiota karibu na fensi ung'oe.

---

Mwanabustani_Chanika

Nawashukuru sana. Nimebaki na mawili. Kunguru wa huku ni wengi mno, na nikija kutotolesha vifaranga najua hawataniachia. Paa la uwanja niweke waya au nyavu za samaki? Pili, mteremko. Maji ya uwanja yatapita kwenye matuta yangu kabla ya kufika jikoni.

---

Fundi_Mabanda

Nyavu chakavu za uvuvi zinafaa, na soko la samaki wanakuuzia kwa bei ya takataka. Sharti ni kwamba kuku wanalala bandani na tundu linafungwa kila magharibi. Mchana adui wa juu ni kunguru na mwewe, na hao wavu unawatosha. Kicheche ni wa usiku, huyo anakutana na waya wa banda. Matundu yasizidi sentimita 5. Tandika kwanza nyaya tatu zilizokazwa kutoka kwenye nguzo mpaka ukutani, kisha wavu juu yake, uufunge kila mita moja. Wavu unaolegea hunasa ndege na nyoka, na kuwatoa ni kazi ya mkasi. Nailoni inaliwa na jua, kwa hiyo uvute kwa mkono mara kwa mara. Ukikatika kirahisi, badilisha. Vifaranga wa chini ya wiki sita usiwategemeze wavu peke yake, wakae kwenye kizimba cha waya wa nusu inchi.

Kivuli usisahau. Ukuta wa kusini hauwasaidii mwezi wa 6, jua linapokuwa kaskazini. Theluthi moja ya uwanja, upande wa banda, ezeka makuti juu ya nyaya hizo hizo. Pasheni unaweza kuipandisha kwenye fensi ya mbele, ila izungushie shina waya mpaka sentimita 60, la sivyo wataimaliza ikiwa mche.

---

Mama_Matuta

Kuhusu mteremko: chimba mfereji nje ya fensi, mbele tu ya ule waya uliolazwa, na ile njia ya sentimita 60 niliyosema uipanue ili mfereji utoshe. Kina sentimita 20 upande wa banda, uzidi kidogo kidogo mpaka 30 upande wa mwisho. Mteremko wa sentimita 10 kwa mita 8 unatosha kusukuma maji bila kukata kichanga. Udongo unaoutoa usiutupe, ujengee tuta dogo upande wa bustani. Ndilo litakalozuia mvua kubwa isiruke.

Mwisho wa mfereji chimba shimo la mita 1 kwa 1, kina sentimita 60, lijaze majani makavu na mabua, na kwenye kingo zake panda migomba mitatu. Mpapai nao weka, lakini juu kidogo ya ukingo, mizizi yake haivumilii maji yanayosimama. Maji ya uwanja yana mbolea nyingi ambayo mchicha hauwezi kupewa, na mgomba hauna shida nayo kwa sababu unachokula kiko juu na kina ganda. Mvua ikiisha, zoa matope ya mfereji uyarudishe kwenye rundo la mboji.

Matembele yahamishie tuta la kwanza karibu na mfereji. Mwezi wa 12 jua likiwa kusini fensi yenye pasheni itatupa kivuli kisichozidi sentimita 60 saa sita mchana, na matembele yanavumilia. Nyanya zipeleke mwisho kabisa, upande wa jikoni, mbali na vumbi la kuku wanapojifukia.

---

Fundi_Mabanda

Anza na mfereji na shimo kabla ya nguzo. Nguzo zikishasimama huna tena nafasi ya kurusha jembe pale. Zege la nguzo lipe siku saba kabla ya kukaza waya.